Ngoma ya Mtu Mmoja

Nilinunua king'amuzi kwa ajili ya mpira, lakini wiki hii rimoti imeshikwa na mama yangu, Ng'washi, na shoga yake Milembe. Wanaangalia nini? Mashindano ya theluji! Bibi wawili wa kijiji cha Nkololo ambao barafu wanaijua ile ya kuuzwa kwenye ndoo.

Katika makundi ya ngoma ya kwetu, mama ni Mgika, Milembe ni Mgalu. Tangu usichana wao wanashindana uwanjani kila baada ya mavuno: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na linalovuta watu wengi ndilo linaloshinda. Sasa wenzake mama wamekwisha. Wengine wamefariki, wengine wameokoka, wengine wamehamia Mwanza. Mwaka huu ameapa hachezi.

"Nicheze peke yangu, niangalie migongo ya watu?" alisema.

Iliniuma sana. Mama bila ngoma anazeeka mbele ya macho yangu.

Jioni moja mtangazaji alisema safari hii kuna michezo mipya na nchi mpya, hata za joto kama kwetu. Nchi moja ilileta kijana mmoja tu.

"Wenzake wako wapi?" mama akauliza.

"Hana, mayu," nikamjibu mama. "Ni yeye tu."

Mbio zikaanza. Mshindi akapatikana, wengine wakamaliza, yule kijana bado yuko mlimani, anaanguka na kuinuka. Nikanyoosha mkono nihamie kwenye mpira. Mama akanichapa kofi mkononi.

"Tulia! Nataka kuona kama watu wataondoka."

Hawakuondoka. Alipofika, wa mwisho kabisa, uwanja mzima ulimshangilia, na mshindi mwenyewe alikuwa amesimama kwenye mstari akimsubiri. Mama alilia waziwazi, akajifuta kwa khanga.

Milembe akasema, "Ng'washi, mwaka huu njoo ucheze."

"Watu wote watakuwa kwako."

"Ukiingia wewe, nanyamazisha ngoma zangu zote. Watakwenda wapi?"

Mgalu amwachie Mgika watu! Tangu nizaliwe sijasikia jambo kama hilo. Nilidhani mama atamkumbatia. Badala yake alimkazia macho, kama zamani uwanjani.

"Usithubutu," alisema. "Piga ngoma zako zote, kwa nguvu zako zote. Ila ukimaliza, nisubiri."