Penseli ya Fanueli

Nusu ya watu wa Lushoto walikuwa wamekwisha kupigwa picha na Fanueli. Maharusi, watoto wa kipaimara, makarani wa wilaya, mabalozi wa nyumba kumi na mashati yao ya kijani, wote walipita mbele ya kamera yake. Mtu mmoja tu alimshinda, naye ni mama yake mzazi, Mama Paskalina. Mpaka mwaka ule wa sabini na nne alikuwa amembembeleza miaka sita, na jibu lilikuwa lile lile: sitaki.

Na tusimwonee huruma bure, kosa lilikuwa lake. Alipotoka Tanga kujifunza kazi, kijana wa miaka ishirini anayejiona fundi wa mafundi, picha ya kwanza kupiga nyumbani Mlola ilikuwa ya mama. Basi bwana mkubwa akachonga penseli mpaka ncha ikawa sindano, akaiinamia negativu, ile filamu inayotoa picha, siku nzima, akalipaka penseli kovu lote la paji la uso wa mama mpaka likafutika. Ndivyo alivyofundishwa studio: mteja asione doa. Akaipeleka picha akitabasamu mpaka magego. Mama aliitazama, akauliza, "Huyu ni nani?" Akaitia sandukuni chini ya kanga, na tangu siku hiyo hakusimama tena mbele ya kamera ya mwanawe.

Jumapili moja baada ya ibada, Fanueli alipanda basi la Mlola na rafiki yake Cosmas, mpiga picha wa stendi ya Mombo. Cosmas alikuwa Mkatoliki kutoka Songea. Aliletwa na kazi ya mkonge, na alipochoka kuchomwa na miiba akanunua kamera. Walipofika wakaketi kwenye benchi nje ya jiko, mama akipepeta maharage pembeni, chungu cha makande kikitokota. Wawili hao wakikutana hawazungumzi habari za mvua wala za siasa. Ni lenzi tu.

"Hii yangu ni mpole," Fanueli alisema akiipangusa kwa kitambaa. Aliipata kule Kwai kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama, kwa kumfungashia vyombo wiki mbili nzima. "Milimita themanini na tano. Ukiifungua yote, mtu anabaki macho tu, mengine yanayeyuka. Naipenda hii, Cosmas, acha tu."

"Inawapaka watu samli! Bibi harusi na mama mkwe wanatoka wamefanana."

"Na wewe? Hamsini yako ya Kirusi inawatoa watu kama washitakiwa."

Cosmas alicheka mpaka akashika mbavu. "Sikia. Abiria wangu ana dakika tano, basi linanguruma. Nampiga alivyo, na vumbi lake. Mwaka jana nilikwenda nyumbani, mama mmoja akanionyesha picha niliyompiga mwanawe pale Mombo, kashika tenga la nyanya. Akasema, nilimjua kwa vidole. Lo! Siku ile nilijiona nina kazi duniani."

"Mimi nataka mtu ajione siku yake nzuri kuliko zote."

"Mpaka umnyang'anye uso?"

Fanueli akarudi kuipangusa lenzi yake. Mama akaweka ungo chini.

"Cosmas, mwanangu, hiyo yako inaona kila kitu?"

"Mpaka kinyweleo, mama."

"Basi nipige wewe."

Jamani! Afadhali angemzaba kibao. "Mama, miaka sita nakuomba mimi!" Fanueli alisema, na sauti ikamkatika kama ya mtoto. Iliuma, na hakuficha kwamba iliuma.

Cosmas hakuwa mjinga. Alivua kamera yake shingoni, akamvisha rafiki yake. "Mimi ni mgeni, nimekuja kula makande. Piga wewe, kwa lenzi yangu. Ukikubali, mama."

Mama alimsogelea mwanawe. Kisha akanyoosha mkono, akaichomoa penseli kwenye mfuko wa shati la Fanueli, akaitupa ndani ya ungo wa maharage. "Haya. Piga."

Fanueli akainua kamera, akazungusha pete ya lenzi mpaka kila kunyanzi likajitokeza. Na mazoea ni kitu kibaya, maana mdomo ulimtangulia: "Geuka kidogo kulia, mama." Kovu lilikuwa upande huo huo, na akigeuka lingefichika.

"Sigeuki."

"Kwani hilo kovu lina nini? Siku zote unaniambia jiwe tu."

"Ni jiwe kweli. Zilikuwa siku za matuta ya Mwingereza, tunalazimishwa kuchimba mlimani, mwenye mtoto na asiye na mtoto. Wewe ulikuwa mgongoni, una miezi mitano. Jiwe likaporomoka kutoka juu, nikasikia wenzangu wanapiga kelele. Ningeinama lingekupata wewe. Nikaligeukia."

Kamera ilishuka taratibu mpaka kifuani. "Mbona hukuniambia, mama?"

"Nikuambie ya nini? Ulikuwa mtoto. Ulipokua ukaja ukalifuta."

Fanueli alilia pale pale, mtu mzima mwenye studio yake, wala hakuona haya. Cosmas akainuka kwenda kukoroga makande ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

"Nisamehe, mama."

"Nimekwisha kukusamehe zamani. Futa macho, upige. Jua linakwenda."

Akapiga. Moja tu, kwa mkono uliotulia. Cosmas akauliza kutoka jikoni kama hatapiga nyingine ya akiba, akaambiwa hakuna haja.

Jumapili iliyofuata Fanueli alirudi Mlola na picha kubwa, kaifunga kwenye gazeti. Usiku alipoisafisha hakugusa chochote, ila maji na dawa. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akaishika picha mlangoni penye mwanga, naye Fanueli akasimama mbele yake akingoja kama mwanafunzi aliyepeleka daftari. Mama alipitisha kidole juu ya lile kovu, kutoka nyusi mpaka kwenye nywele, akatabasamu.

"Hapa sawa," alisema. "Tumetokea wote wawili."