Mlio wa Alasiri

Simu ya mezani ya Yamkumari Basnet ililia karibu kila alasiri, vyombo vya mchana vikishaoshwa. Kila ilipolia alifuta mikono kwenye sari, akavuta kigoda, akainua mkono wa simu na kusema, "Ni wewe?"

Hakuna aliyejibu. Upande wa pili palikuwa na pumzi tu, pumzi ya mtu anayesikiliza. Basi Yamkumari alizungumza. Nyati amezaa. Nyani wameingia kwenye mahindi. Paa la jikoni sasa ni la mabati na mvua ikinyesha hatusikilizani. Akimaliza alisema, "Haya, kula vizuri," akakata.

Mumewe, Lokendra, alichukuliwa na watu wenye bunduki wakati wa vita, mpunga ukiwa unaanza kuiva. Mwili haukurudi. Wakati ule simu za mkononi zilikuwa hazijapanda milima ya Palpa, na namba pekee aliyoijua Lokendra kichwani ilikuwa hii, aliyoiomba kwa shirika la simu la serikali kwa miaka mpaka wakamvutia waya. Kwa hiyo Yamkumari hakuvunja bangili zake wala hakufuta unga mwekundu wa ndoa kwenye mstari wa nywele. Mjane hapigiwi simu na mumewe.

Shemeji yake, Tikaram, alikuwa amechoka.

"Shemeji, miaka kumi na miwili imepita, na mingine juu yake. Kuhani anasema dini inaruhusu. Tunafunga mtu wa majani matakatifu ya kusha badala ya mwili, tunampeleka Ridi mtoni, tunamchoma, tunamaliza."

"Mtamchoma nani? Mtu anapiga simu."

"Mtu gani hasemi? Hata tapeli akipiga huongea."

"Mkeo akikupigia wewe husemi kitu, na uko hai."

Tikaram hakucheka. "Binti yangu ana mchumba. Wakwe wameuliza kama ni kweli nyumba yetu ina mfu ambaye hajawahi kutengewa chakula chake cha wafu. Niwajibu nini? Kwamba tusubiri, atapiga?"

Yamkumari alimwongezea dengu kwenye wali ili anyamaze.

Mwezi wa Asar, mwezi wa mvua, ulipoanza, gari la shirika la simu lilipita barabarani na kipaza sauti. Nyaya za shaba zinaondolewa zote. Kebo mpya itaishia sokoni, haitapanda mlimani. Wa mlimani watumie simu za mkononi. Yamkumari alikuwa na mzigo wa majani ya nyati mgongoni. Aliutua palepale njiani, akateremka mpaka ofisini na matope yake.

Ofisi ilikuwa karibu tupu. Chumba cha mitambo kilikuwa kimeanza kuvuliwa, makabati wazi, nyaya zikining'inia. Fundi wa laini, Hombahadur Pun, alikuwa peke yake, amechuchumaa na koleo. Ndiye aliyepanda nguzo ya simu ya Yamkumari tangu siku ya kwanza.

"Kaka Hombahadur, nitajie anayenipigia. Mkizima mitambo hii sitampata tena. Nipe namba tu, nitamfuata mwenyewe."

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Kaa, dada."

"Sikuja kukaa."

"Ni mimi," alisema.

Yamkumari alimtazama.

"Laini yako ni ndefu, dada. Ina viungo vingi, na viungo visipopitiwa na umeme hushika kutu. Umeme wa mlio ndio unaovisugua. Sisi mafundi wa zamani tulikuwa na desturi hiyo, laini iliyo kimya tunaipigia ili isife. Ulikuja hapa mwaka ule alipochukuliwa mumeo, umesimama hapo hapo, ukasema Kaka, usiache simu yangu ife. Nikakuahidi."

"Na mdomo ulishonwa na nani?"

"Siku ya kwanza nilitaka kusema ni ofisini, tunajaribu laini. Ukainua ukasema, Ni wewe? Ulivyosema vile, nikashindwa. Kesho yake ikawa ngumu zaidi. Baadaye ningeanzia wapi?"

Yamkumari alikuwa na mwavuli mkononi na nusura ampige nao. Aliyoyasema kwenye simu ile! Kwamba uso wa Lokendra umeanza kumtoka. Kwamba mwanaume mmoja wa bondeni, aliyefiwa na mkewe, alimtaka, na kwamba yeye alimfikiria usiku kucha.

"Umesikia yote."

"Nimesikia."

"Hata ya yule wa bondeni?"

"Hata hiyo."

"Mkeo anajua?"

"Anadhani nachelewa kula kwa sababu ya kazi."

Hasira ilikuwa imemshika Yamkumari vizuri, ikamteleza, na chini yake akakuta kitu kingine. Kama mpigaji ni huyu, basi Lokendra hakupiga. Hata mara moja.

"Kila mara ni wewe?"

"Kila mara, dada."

"Basi amekufa," alisema Yamkumari. Alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo. Hapo ndipo alipokaa.

Kabla ya kuondoka alimpa fundi kazi. "Siku watakayomchoma Lokendra, nipigie mara ya mwisho mchana. Sitapokea. Acha ilie mpaka ichoke. Halafu njoo ukate waya wako."

"Nitapiga."

Siku hiyo wanaume waliondoka alfajiri kuelekea Ridi, wamebeba mtu wa majani aliyevishwa kofia ya Lokendra. Wanawake hawaendi. Yamkumari aliwaambia majirani wampishe kidogo. Alivunja bangili kwenye jiwe la mlangoni. Akaosha kichwa mpaka maji yaliyotoka mekundu yakawa meupe. Akavaa sari nyeupe, akakaa kwenye kigoda na nywele mbichi.

Simu ikalia.

Ililia sana, kuliko siku zote. Mkono wake uliinuka wenyewe, akaukalia. "Nenda," alisema. "Nimekuachia. Nenda." Ikanyamaza. Kisha ikalia tena, na safari hii ilikatika katikati ya mlio.

Yamkumari alilia kwa sauti, kama wanavyolia wajane wengine siku ya kwanza.

Mvua ilipopungua Hombahadur alifika na ngazi begani, matope mpaka magotini.

"Dada, unisamehe. Jana nililala kwa binti yangu kule ng'ambo ya mto, asubuhi maporomoko ya udongo yakafunga barabara. Ofisini sijafika kabisa. Nimekatiza kwa miguu nikuombe radhi, sikukupigia."

Yamkumari alisimama. "Mbona imelia? Nani yuko ofisini?"

"Hakuna mtu. Pamefungwa." Akatoa ufunguo mfukoni, akamwonyesha.

Wote wawili wakaigeukia simu.

"Huenda mtu amekosea namba," alisema fundi.

"Mara mbili?"

Hombahadur akaegemeza ngazi kwenye nguzo, akapanda vipago viwili vitatu kwa mazoea ya kazi. Huko Ridi majani ya kusha yalikuwa yameshaungua zamani, hayakawii kuwaka.

"Teremka," alisema Yamkumari.

"Dada, agizo linasema leo."

"Leo haijaisha. Teremka."

Akateremka. Yamkumari alikisogeza kigoda mpaka magoti yakagusa meza ya simu, akaweka mkono mtupu, usio na bangili, juu ya mkono wa simu. Fundi akakaa kizingitini na koleo lake mapajani. Walikaa hivyo mpaka sauti ya Tikaram na wenzake ikasikika njiani, wakipanda kutoka mtoni.