Nyasi Zisizokanyagwa

Nyumba ile ilikuwa na redio moja na vyuo vikuu viwili. Vyuo vyenyewe havikuwa ndani, bila shaka. Kimoja kilikuwa kwenye mwinuko, juu ya mji, kingine chini karibu na mto, na kila kimoja kilikuwa na jina refu la kuandikwa kwenye vyeti. Watu wa mjini, ambao hawakuwa na muda wa majina marefu, waliviita Juu na Chini. Wa Chini walilichukia jina hilo kuliko walivyochukia kufeli.

Baba wa nyumba alikuwa mtunza bustani wa Juu, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Fahari yake ilikuwa uwanja wa nyasi ulio mbele ya jumba kuu, ambao kwa desturi ya chuo haukanyagwi na mwanafunzi yeyote mpaka siku ya mahafali. Kibao cha onyo alikiandika kwa mkono wake, na yeye mwenyewe alipoukata uwanja ule alivaa viatu vya raba na kutembea polepole, kama anayepita chumba cha mtoto aliyelala. Mama alikuwa mshona vitabu katika maktaba ya Chini. Vitabu vilivyoachia majalada, vilivyomwagiwa chai, vilivyotafunwa na watoto wa maprofesa, vyote vilifika mezani kwake na kuondoka na migongo mipya.

Hakuna kati yao aliyewahi kukaa darasani katika chuo chake hata dakika moja. Lakini kwa ushabiki, hapakuwa na mwanafunzi wa kuwafikia. Siku ya mdahalo wa kila mwaka, Juu na Chini walipopambana redioni, baba alihamishia kiti chake kulia kwa redio na mama kushoto, na aliyeshindwa aliosha vyombo wiki nzima. Mwaka ambao mdahalo ulitoka sare, vyombo vilikaa siku mbili mpaka binti yao alipovionea huruma.

Binti huyo baba alimwita Rula tangu ana miaka saba, kwa sababu alipima kila kitu: meza, mlango, hata paka wa jirani, ambaye hakupenda. Siku za likizo alimfuata baba kazini, akashika ncha ya kamba wakati baba anapigilia vigingi na kuchora mistari ya chokaa kwenye uwanja wa mpira.

"Vuta, Rula," baba alikuwa akimwambia. "Ikilegea kidole kimoja hapo kwako, huku kwangu watu watachezea barabarani."

Basi hakuna aliyeshangaa alipoomba kusomea upimaji wa ardhi. Juu walifundisha, Chini walifundisha, na wote wawili, kwa kisirani chao cha kutotaka kupitwa, wakamkubali katika wiki ileile. Barua mbili zikawekwa juu ya redio, moja kulia, moja kushoto. Jibu lilitakiwa kabla ya saa sita mchana, Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Rula alijiandaa kwa vita. Alijua baba atavutia kwake na mama kwake, na alikwisha kutunga maneno ya kumpoza atakayeshindwa. Maneno hayo hayakupata kazi.

"Chini wana maabara mpya," baba alisema wakati wa chai. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuitaja Chini bila kukunja pua.

"Baba, unaumwa?"

"Siumwi. Nasema kweli tupu. Halafu kule kuna upepo mzuri wa mto."

"Upepo gani?" mama alidakia. "Kule ni mbu watupu. Mwanangu, nenda Juu. Maktaba yao..." Mama alimeza mate. "Maktaba yao si mbaya."

Rula alimtazama huyu, akamtazama yule, akahisi anachezewa shere. Lakini siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Baba aliisifu Chini mpaka akaishiwa sifa, akaanza kusifu miti yake. Ndipo wazo baya lilipomjia Rula: baba hanitaki kwake, na mama hanitaki kwake. Lilimuuma, tena sana, na kwa kuwa hakuwa na mita ya kupimia jambo kama hilo, alilinyamazia.

Akaamua peke yake. Chini waliwaweka wanafunzi wa upimaji darasani miaka miwili kabla ya kuwaonyesha hata kigingi; Juu waliwatoa nje na vifaa wiki ya kwanza. Basi, imekwisha. Jumatatu akajaza fomu ya Juu na kumpa baba aipeleke, maana ofisi ya udahili ilitazamana na banda lake la vifaa.

"Umeipeleka, baba?" aliuliza Jumanne.

"Mh," alijibu baba.

Jumatano aliuliza tena akapata "mh" nyingine, fupi zaidi. Sasa, "mh" ya baba ilikuwa na maana nyingi, na Rula akachagua ile aliyoipenda.

Alhamisi alasiri alikuwa akifua. Ovaroli ya baba haikuingizwa majini kabla ya kupekuliwa, kwa sababu mifuko yake ilibeba mbegu, misumari na vipande vya kamba. Safari hii mfuko wa kifuani ulitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye vipande vya nyasi katikati ya mikunjo. Rula aliikunjua. Ilikuwa fomu yake.

Baba alikuwa uani ananoa mkasi wa kupunguzia ua, na mama ameketi kizingitini anapitisha nta kwenye uzi.

"Baba, hii ni nini?"

Baba aliitazama karatasi, kisha akanoa kwa kasi zaidi. "Nilisahau."

"Kutoka banda lako mpaka ofisini ni hatua ishirini. Nilizipima mwenyewe. Tena ni kumi na tisa na nusu."

Mkasi ukasimama. Baba alijaribu makali yake kwa kidole gumba, ingawa yalikwisha kuwa makali.

"Unaujua ule uwanja wangu," alisema hatimaye. "Wanafunzi hupita pembeni, makundi kwa makundi. Katikati kuna mtu mmoja tu. Mimi, na mashine, na hiyo ovaroli yenye kiraka nyuma. Mtoto wa fundi bomba wetu alisoma pale. Kwa miaka mitatu alikuwa akizungukia nyuma ya jiko asikutane na baba yake. Na ni mtoto mzuri, Rula, kalelewa vizuri tu. Sikumlaumu." Akaushusha mkasi. "Sasa wewe, ukipita na wenzako usiniamkie, nitaumia. Ukiniamkia huku unaona haya, nitaumia zaidi. Kule Chini hakuna anayenijua. Ungesoma kwa raha zako."

Rula akamgeukia mama. "Na wewe? Wale mbu?"

"Mbu wapo," alisema mama, macho kwenye uzi. "Ila si wengi hivyo."

"Kwa hiyo Juu si bora?" baba aliuliza upesi.

"Nani kasema ni bora? Nilisema si mbaya."

Hapo Rula akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayafuta kwa fomu kabla hajakumbuka kwamba ni fomu.

"Mnadhani upimaji niliutoa wapi?" alisema. "Redioni? Nani alinishikisha kamba, baba? Ni nani aliyeniambia nivute?" Baba alikuwa akitazama mkasi. "Kesho naipeleka mwenyewe. Na nikikuona pale nitakuita."

"Usiniite kwa sauti."

"Kwa sauti ileile ya kukuambia maji yamekatika."

"Kwangu uje Jumamosi," alisema mama, naye anapenga kamasi. "Lakini maktaba ni kimya. Utanipungia mkono."

Uani kwao ilikuwa rahisi kusema. Siku ya kufungua chuo, Rula alijikuta kwenye kundi la wanafunzi wapya kumi na wawili, wenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka yakang'aa, wakiongozwa na kijana wa mwaka wa tatu anayejua kila kitu. Umande ulikuwa haujakauka. Walifika mbele ya jumba kuu, na kijana akanyoosha mkono.

"Huo hapo uwanja wetu. Anayeukanyaga kabla ya mahafali, husemwa hatahitimu. Na yule mzee pale katikati ndiye askari wake. Msimchokoze, kila jani analijua kwa jina!"

Wote wakacheka, bila ubaya wowote. Rula alisikia uso ukimwaka. Haya ilimpanda kweli, kutoka shingoni hadi masikioni, na kwa muda wa pumzi mbili tatu alimwelewa vizuri sana yule mtoto wa fundi bomba.

Baba alikuwa ameshamwona. Alikuwa ameinamia mashine isiyo na kasoro yoyote, amewapa mgongo, kiraka chake hadharani, anakaza skrubu iliyokwisha kukazwa. Alikuwa anampa binti yake nafasi ya kupita.

"Baba!" Rula aliita.

Mgongo haukugeuka.

"Baba!"

Skrubu ikaendelea kukazwa. Basi Rula akavua viatu, akavishika mkononi, akaingia kwenye nyasi. Nyuma yake yule kijana alipiga ukelele kama amemwona mtu anaingia motoni. Rula hakugeuka. Alitembea akihesabu, macho mbele, kama alivyofundishwa, na alipofika hatua ya ishirini baba akageuka.

"Rula! Nyasi!"

"Nimevua viatu," alisema Rula, akaendelea mpaka alipomfikia. "Shikamoo, baba."

Baba alitazama nyayo zilizoandikwa kwenye umande, kutoka ukingoni hadi miguuni pake.

"Hatua ngapi?" aliuliza.

"Thelathini na nne."

"Umenyoosha," alisema. "Marahaba, mwanangu." Kisha akaufuta uso wake kwa mkono wa ovaroli, akawageukia wale waliosimama vinywa wazi, na kupaza sauti iliyofika hadi ofisi ya udahili:

"Huyu ni wangu! Ninyi wengine, pembeni!"