Bibi Sukhdei Hajafungua Kinywa

“Isikie mito yote mitakatifu, na jua lisikie pia: leo Hemant, mwanafunzi wa bweni na nuru ya ukoo, anashuka mto Ganga!”

Tangazo hilo zito lilitoka chini ya blanketi, na nuru ya ukoo ilikuwa bado haijatoa hata pua.

Bibi yake, Sukhdei, hakujibu. Ilikuwa siku ya kimya ya Magh, mwezi wa baridi kali, na mahujaji wenye nadhiri, waliojaa mahemani pale Prayag kando ya mto huo, hawasemi neno mpaka wazame mtoni. Sukhdei hakuwahi kuivunja nadhiri hiyo tangu aolewe. Mwaka huu nyonga ilimkatalia kushuka, kwa hiyo jana yake alimwagiza mjukuu.

“Utazama kwa jina langu. Ukishatoka majini, na mimi nimeoga. Ndipo nitafungua kinywa.”

“Dhambi zako nyingi, Bibi? Nisije nikalemewa.”

“Zangu nyepesi. Wewe shika kaptula yako, Ganga isiondoke nayo.”

Sasa Hemant alisimama ukingoni, ukungu umetanda, akachovya kidole kimoja cha mguu. Kidole kikatoa uamuzi kwa niaba ya mwili mzima. Akamgeukia muuza chai, ambaye alikwisha kuoga na kuwasha jiko la chai ya tangawizi.

“Mjomba, nigawie kopo la maji ya moto.”

“Ya kunywa?”

“Ya ibada.”

“Haya, mtakatifu. Usijiunguze.”

Akajimwagia kichwani, akarudi hemani kwa mwendo wa taratibu, kama mtu aliyetoka kuongea na miungu.

“Tayari, Bibi. Nimezama, nikalitaja jina lako. Mto unakusalimu.”

Macho ya Sukhdei yakalengwa na machozi. Akanyoosha mkono kumbariki mjukuu wake, na midomo ikaanza kufunguka.

Mkono ukasimama juu ya nywele. Zilikuwa vuguvugu. Akakinusa kiganja: tangawizi. Midomo ikajifunga tena.

Angefoka, Hemant angekuwa na jibu. Walimu wa bweni walimfundisha kujitetea bila wao kujua. Lakini Bibi alimtazama tu, bila hasira, kama mtu anayengoja maji yatulie.

“Labda juu huko wamemwaga tangawizi mtoni,” alijaribu.

Bibi akaendelea kungoja.

“Sikuzama, Bibi. Hata goti halikulowa. Ni maji ya muuza chai, na jina lako sikulitaja popote. Tafadhali usiseme kitu. Nilikuwa karibu kukuvunjia nadhiri yako. Usiseme bado, Bibi. Ndiyo nakwenda mtoni.”