Malkia Aleida Dukani kwa Saada

Jumamosi moja ya Machi 2006, theluji ikiyeyuka kando ya barabara za Cedar-Riverside, mtaa wa wahamiaji huko ughaibuni, Saada alikuwa akimpimia Dativa kitenge wakati Malkia Aleida wa Uholanzi alipoingia dukani. Malkia alikuwa amekufa zamani, kabla Saada hajazaliwa kwao Malindi. Alipangusa viatu mlangoni, akasalimu kwa Kiswahili safi.

"Karibu, bibi. Keti," Saada alisema, akaendelea kupima.

Malkia hakuketi. Alizunguka akipapasa majora ya vitenge, maana mengine yalitoka nchini kwake, na huku akisimulia maisha yake. Baba alimfia angali mdogo, mama akamshikia kiti cha enzi mpaka alipokua. Alivishwa taji katika kanisa lenye baridi. Aliolewa na mwanamume aliyependa mbwa kuliko watu. Bahari ilipobomoa kingo, alivaa mabuti ya mpira akatembea matopeni kuwapa pole waliofurikiwa, akawashika mikono mmoja mmoja, nao wakampenda mpaka mwisho.

Dativa, muuguzi kutoka Bukoba aliyekuwa akiwahi shifti hospitalini, mji jirani wa Burnsville, alisogeza mkoba wake ili malkia apite.

Jumamosi iliyofuata malkia alirudi, na nyuma yake akaingia mwanamke mwembamba, peku, amempakata mtoto mchanga. Risasi moja ilikuwa imepita kwa mtoto ikaishia kifuani kwa mama. Mwanamke alisimama karibu na rafu ya udi. Malkia akageukia ukuta, akaongeza mwendo.

"Nani huyu?" Saada aliuliza.

"Wa visiwa vya mashariki ya mbali," malkia alisema. "Visiwa vilikuwa vyangu, ingawa sikuwahi kufika. Kijiji chao kilichomwa wiki ya harusi yangu. Jenerali aliniletea ushindi ule kama zawadi."

Saada alimgeukia mwanamke. "Nawe, dada, wataka nini?"

"Aniangalie. Mimi na mwanangu. Basi."

"Si umwangalie tu, bibi?"

"Malkia hawajibiki," malkia alisema. "Wanaojibu ni mawaziri wake."

"Wako wapi?"

"Wamekufa."

"Hata wewe umekufa," alisema Dativa, aliyekuwa amerudi kuongeza kitambaa. Hakusema kwa ubaya.

Malkia alishika jora, akaliachia, akashika jingine. Shingo yake ilianza kugeuka, ikafika nusu, na Saada akaacha mkasi mezani. Kisha shingo ikarudi ilikotoka, malkia akaendelea kuzunguka.

Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo tena. Malkia na mwanamke huyo walikuja kila Jumamosi. Saada alimwekea mwanamke kiti na kumpa chai ya tangawizi. Dativa akipita kabla ya kazi alimpokea mtoto, ili mama apumzishe mikono. Mohamed, mume wa Saada, alilalamika tu kwamba zulia linaisha kwa kukanyagwa, akatandika jingine.

Kiangazi kilipofika, mtoto alianza kutambaa. Mama yake alicheka kwa mara ya kwanza, na wateja wakajifunza kutazama wanapokanyaga. Mtoto hupenda kukaa katikati ya duka, pale pale njiani. Malkia akimfikia huinua pindo la gauni, huvusha mguu juu yake kwa uangalifu mkubwa, kisha wa pili, macho yakiwa kwenye vitenge.