Maganda Katika Gunia la Mjomba

Kazi yangu kwenye maabara, hapa Port Vila, ni kuukatakata mmea wa kava, ambao mizizi yake husagwa ikawa kinywaji, na kupima kila sehemu ina nini ndani. Mzizi una kemikali zinazotuliza mwili. Kisiki kina hizohizo, ila kwa uchache. Maganda ya shina yana kitu kichungu kinachoshukiwa kudhuru ini, kwa hiyo hatuyanywi wala hatuyauzi.

Mjomba Kaltau, kaka yake mama, ndiye aliyenilea. Alipoleta magunia ya unga wa kava kutoka kijijini kwetu, kisiwani Tongoa, ilinipasa nichote sampuli mwenyewe, katikati na chini kabisa. Lakini mimi, mtoto wa dada yake, nitie mkono kwenye mzigo wake mbele ya watu? Nikaona haya. Akanichotea yeye. Nikapima: mizizi mitupu. Nikatia saini kwamba mzigo ni salama.

Wiki tatu baadaye mnunuzi wa ng'ambo akarudisha shehena nzima. Safari hii nilizamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Mashine ikachora kilima pale ambapo mstari ulitakiwa kulala. Maganda. Gunia baada ya gunia.

Nikampigia simu.

"Mjomba, ulichanganya?"

"Kidogo tu, mwanangu. Mizizi haikutosha." Akacheka. "Nilijua wewe huwezi kunipekua."

Alijua! Haya yangu, aliyonifundisha yeye, ndiyo aliyoipigia hesabu.

Nikaandika ripoti, jina lake nikaliweka. Kijiji kikafungiwa kuuza mwaka mzima.

Jumamosi nikaitwa kwenye nakamal, jumba letu la mikutano. Mama alikuwa amesuka mkeka mpya, na nguruwe amefungwa mlangoni: kwa desturi yetu, nimkabidhi Mjomba vyote viwili, nimwombe radhi kwa kumwaibisha.

"Leimas, toa mkeka," mama alininong'oneza. "Dakika moja tu, yaishe."

"Atapigaje magoti huyo?" shangazi akadakia. "Stashahada imemkaza!"

Watu wakacheka. Mjomba hakucheka.

"Nilikubeba mgongoni ukiwa na homa," alisema. "Leo unaniandika kwenye karatasi kama mwizi?"

Nikauacha mkeka ulipokuwa.

"Ulinibeba, Mjomba, sikatai. Ila saini uliyoitumia ni yangu, na watu wangekunywa yale maganda kwa kuniamini mimi. Kama ni lazima nguruwe atolewe, mtoe wewe. Mimi siombi radhi."