Mchezaji wa Pili

Gemu ya Winnie ina vichochoro kama njia za katikati ya minyaa kule kwetu Kasoli. Unaingia, unakata kona, unakuta ukuta. Hapo unaweka bomu, unakimbia, likilipuka linakufungulia njia. Mkicheza wawili, kila mmoja anaanzia pembe yake, mnatafutana mpaka mmoja afe. Mashine aliinunua marehemu mama yake, binti yangu Philomena, dukani kwa Imrani hapa Bariadi. Alipofariki, mchezaji wa pili nikawa mimi bibi yake.

Vidole vyangu ni vizito. Nilikuwa naingia kichochoro kisicho na pa kutokea, naweka bomu mlangoni, halafu nakaa humo.

"Bibi, hilo ni la kwako."

"Nalijua."

"Sasa utapitia wapi?"

"Nasubiri lizimike."

"Halizimiki, Bibi. Hicho si kibatari."

Nalipuka, naye anacheka mpaka anakaa chini. Nimekufa sana kwa ajili ya kicheko kile.

Baba yake ni Kasmiri, mnunuzi wa pamba wa Lagangabilili. Hakumtolea Philomena mahari. Kwetu Wasukuma, ng'ombe wasipotoka, mtoto ni wa ukoo wa mama, mpaka baba aje amkomboe. Msibani Kasmiri alikuja mikono mitupu, akala, akaondoka.

Mwaka huu, msimu wa pamba ulipokwisha, alikuja na wazee wake. Ameoa, mke hajajaliwa mtoto. Sasa amemkumbuka Winnie. Upande wetu alikaa kaka yangu Athanasi, ambaye alinionya mapema: niachie mimi niseme, nitaomba mtoto mwenyewe aulizwe anataka kukaa wapi.

Kasmiri akaanza, "Mayu, mtoto anakua. Anahitaji baba."

Mayu ni mama. Neno hilo kinywani mwake lilinichoma. Mimi ambaye watu wananisifu kwa subira nikamtangulia kaka yangu.

"Anayetaka mtoto huja na fimbo ya kuswaga, haji na mdomo. Lete ng'ombe, ndipo uniite mayu."

Mzee mmoja wa kwao akauliza taratibu, "Kwa hiyo ng'ombe wakija, mtoto anatoka?"

"Waje kwanza ndipo atoke."

Nilijua hatawaleta. Athanasi akainamisha kichwa. Neno likishasemwa mbele ya wazee wa pande mbili halirudi.

"Dada," akaniambia walipoondoka, "walikuwa hawana pa kushika. Umewapa mpini."

Ng'ombe wakaja Jumamosi asubuhi, wanono, manyoya yanang'aa. Athanasi akawakagua kwato, akawafungua midomo, akatafuta kilema hata kimoja cha kumrudisha mtu. Hakukipata. Winnie alisimama mlangoni na padi ya kuchezea mkononi.

"Bibi, si ulisema hatawaleta?"

"Nilisema."

"Ungenyamaza tu. Mimi ningewaambia sitaki."

Hakulia. Alikunja nguo zake, akanisaidia kufunga begi ambalo zipu yake ni mbovu, kisha akaiweka padi juu ya televisheni.

"Mashine naiacha. Ujifunze kukimbia."

Tangu siku hiyo watu wananipongeza. Zamda, mwenye duka la jirani, aliniambia, "Bibi Winnie, sasa wewe ni maziwa mpaka unamwaga."

"Ndiyo," nikamjibu. Maziwa nampelekea yeye Zamda. Mimi hayanishuki kooni.

Jioni nawasha gemu, nachagua wachezaji wawili. Yule wa Winnie anasimama kwenye pembe yake, hatembei. Ningeweza kumfikia, njia nimeshaijua, na kukimbia nimejifunza. Lakini naingia kichochoro changu, naweka bomu mlangoni, nakaa.

Linalipuka. Hakuna anayecheka.